Hatukuuliza Inakwenda Wapi

Mafuta ya ndege yana harufu ya taa ya petroli iliyozimwa vibaya, ila nzito zaidi, na haitoki katika nguo hata ukizifua kwa sabuni ya kipande na kuzianika juani siku nzima. Kwetu, katika mtaa wa Saio, harufu hiyo iliingia kila jioni pamoja na Papa Jérôme, jirani yetu, mpakuzi wa mizigo katika kiwanja cha ndege cha Bunia. Alipita uani kwetu kuelekea kwake, kwa kuwa uzio uliokuwa katikati yetu ulikwisha kung'olewa ukawa kuni, na sisi watoto tulimfuata nyuma tukivuta pumzi kana kwamba ametoka kuoka mikate. Mabegani shati lake lilikuwa na chumvi, au unga, au magamba ya makayabo, yule samaki mkavu anayeletwa kutoka mbali, na kwa kumnusa tu tulijua ni kitu gani kimeshuka mjini siku ile na kipi kitazidi kuadimika. Nimesoma baadaye kwamba harufu ndiyo kumbukumbu isiyodanganya. Siamini. Nimesimama karibu na ndege nyingi tangu wakati ule, na hakuna hata moja iliyonuka kama Papa Jérôme.

Ulikuwa msimu ambao vita vya Ituri vilikwisha kumeza barabara zote. Viazi na kabichi za Kpandroma hazikushuka tena, malori ya Komanda hayakuonekana, na mtu aliyetoka mjini kwa miguu tulimzungumzia kwa wakati uliopita, kama marehemu, hata kabla hajafika kilimani. Kilichobaki ni anga. Chumvi ilitoka angani, sabuni ilitoka angani, na mwenye jamaa nje ya Ituri aliyeweza kupata nafasi juu ya magunia alipotelea huko huko angani. Ndiyo maana mtaa mzima ulijifunza kuzitambua ndege kwa sauti. Hatukuona ajabu yoyote katika hilo, kama vile watu wa mtoni wasivyoona ajabu kujua kuogelea. Mwanamke aliyekuwa akitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, alisimamisha mchi hewani, akageuza sikio, akataja jina, kisha akaendelea kutwanga. Majina tulizipa wenyewe. Kulikuwa na Nzige, ndogo na ya haraka, iliyopaa kabla hujamaliza kuitazama. Kulikuwa na Mama Zawadi, iliyopewa jina la muuza unga wa pale sokoni, kwa sababu wote wawili walikuwa wanene na wote wawili walitangulia kusikika kabla ya kuonekana. Na kulikuwa na Kikohozi, ndege ya Kirusi ya injini mbili za mapanga, yenye mstari wa buluu ubavuni, ambayo kila ilipopunguza mwendo ili itue ilikohoa mara mbili kama mzee anayebisha hodi. Niliweza kuitambua Kikohozi kabla ya watu wazima, na nilijivuna sana kwa jambo hilo. Mwenye macho haambiwi tazama, na sisi wenye masikio hatukungoja kuambiwa tusikilize.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo masikio hayakuweza kutupa, nalo ni kule ndege inakokwenda. Shuleni, kabla shule hazijafungwa, mwalimu alituimbisha kwamba kuuliza si ujinga. Mtaani tulifundishwa kinyume chake, na somo la mtaani ndilo lililotuweka hai. Mtu aliyesimama kwenye kiwanja cha ndege akauliza ndege hii inakwenda wapi, alikuwa amekwisha kusema mengi. Amesema anataka kukimbia. Amesema anakimbilia upande gani, na kwa hiyo anaogopa upande gani, na kwa hiyo ni mtoto wa nani. Palikuwa na vijana wenye bunduki waliokaa kwenye nyasi kandokando ya njia ya ndege, wakitafuna miwa, na kazi yao ilikuwa kusikiliza maswali. Msomaji atakuwa anangoja nitaje kabila letu. Sitalitaja. Kila nilipolitaja mbele ya watu, niliona wakiacha kunisikiliza na kuanza kupima kama msiba wangu ni halali. Inatosha kujua kwamba hatukuuliza, na kwamba hakuna mtu wa upande wowote aliyeuliza. Badala yake tulikuwa na elimu ya kurithishana. Kikohozi inaendaka Beni, watu walisema, kama unavyosema jua huchomoza kule. Ilileta sabuni na vinywaji, ikarudi na makasha ya chupa tupu, na chupa tupu zilirudi Beni. Nani alisema hivyo kwanza? Nimewauliza wote walionusurika. Kila mmoja alisikia kwa mwingine.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikwisha kufa kwa ugonjwa kabla ya vita, jambo ambalo mama aliliita bahati yake. Alibaki mama, nikabaki mimi, na kaka yangu Faustin, yaya Faustin, kama tunavyomwita mkubwa wa nyumba kwetu. Mwaka ule alikuwa amerefuka vibaya. Nasema vibaya kwa sababu urefu ulikuwa hatari. Wale vijana wa bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakiomba mchango, na nyumba yenye mvulana aliyekipita kimo cha bunduki ilijua mchango wake ni nini. Mama alimzoeza kuketi. Mgeni akibisha, Faustin aliketi. Mtu akipita njiani, Faustin aliinama kana kwamba anafunga viatu ambavyo hakuwa navyo. Alimwambia mama kwamba vita vikiendelea hivi atasahau kusimama, na siku ya harusi yake itabidi wambebe kwenye kiti. Mimi aliniita Madame Pourquoi, Bibi Kwa Nini, kwa sababu sikuacha kuuliza, na kila nilipofungua mdomo mbele ya watu alinifinya sikio mapema, kabla swali halijatoka. Nakumbuka vidole vyake kuliko uso. Uso wake siwezi kuapa kwamba ninaukumbuka. Picha zetu zote, ya ubatizo wake na ile ya baba mbele ya kanisa, ziliungua na nyumba miezi michache baadaye, na tangu hapo kila nikijaribu kumwona ninamwona kijana wa aina yake tu.

Mvulana wa nyumba ya tatu alipochukuliwa mchana kweupe, akiwa na sahani ya maharagwe mkononi, mama aliacha kulala. Dada yake mkubwa, Mama Mukubwa kwetu, alikuwa akiishi Beni na alikuwa na mahali pa kumlaza mtoto. Ikaamuliwa Faustin aende. Namna yenyewe ilikuwa ya Papa Jérôme, na wengine walikwisha kupita kwa njia hiyo: kijana anaingia kiwanjani pamoja na wapakuzi, anavaa gunia kichwani kama kofia ya mvua, anabeba mizigo kwa bidii, na katika safari ya mwisho ya kuingia ndani ya ndege anabaki huko huko nyuma ya mizigo. Wenye ndege walijua wakanyamaza. Wale wa bunduki, ukibeba kitu kizito, hawakutazama uso wako. Mama alimpelekea Papa Jérôme jogoo wetu wa mwisho. Yeye alimrudisha, akasema jogoo huyu anajua kuwika saa za hatari, afadhali abaki kwenu.

Kikohozi ilikohoa asubuhi moja ya mawingu mepesi. Mimi ndiye niliyetaja jina, lakini mama alikwisha kusimama. Tulikwenda watatu, Faustin mbele akiwa amejikunja chini ya magunia matupu, mama na mimi nyuma na beseni la viazi vitamu vya kuchemsha, kwa sababu wauzaji hawakuzuiwa kukaribia. Ndege ilikuwa imesimama na mlango wake wa nyuma wazi. Mstari wa buluu ulikuwepo. Watu walikuwa wakipakia, na hapo ndipo kumbukumbu yangu ninapoihoji kila mara, kwa maana naona waziwazi kitu ambacho sijui kama nilikiona au nimekiweka mwenyewe baadaye. Naona mabeleshi. Mafungu ya mabeleshi mapya yaliyofungwa kwa kamba, vyuma vyake vikiwa bado na rangi, na magunia ya mchele, na madumu ya mafuta. Makasha ya chupa tupu siyaoni. Papa Jérôme, ambaye nilimhoji miaka mingi baadaye, kabla hajafa, alisema mabeleshi yalikuwepo kweli na aliyabeba yeye mwenyewe. Alisema aliyatazama na moyo ukamwambia kitu. Mbona hukuuliza, Papa? Alinitazama bila hasira, kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia kwake na viatu vya matope. Kisha akasema tulikuwa tumezoea.

Kabla ya gunia la mwisho Faustin alikuja kwetu kana kwamba anataka kununua kiazi. Hakumkumbatia mama, wala mama hakumgusa. Alichagua kiazi kidogo, akakirudisha, akachagua kikubwa, akalalamika kwamba wauzaji wa siku hizi ni wezi, na mama akamjibu kwamba wanunuzi wenyewe hawana adabu. Ndivyo walivyoagana. Kwangu aliinama, nikangoja anifinye sikio, lakini hakunifinya.

"Ndeke ikiruka usinipungie mukono," aliniambia. "Watajua. Angalia tu chini, sawa vile iko unatafuta kitu."

Basi niliangalia chini. Injini ziliwaka, nyasi zikalala, mavumbi yakaingia kwenye viazi, na mimi nikatafuta ardhini kitu ambacho sikukipoteza. Nilipoinua kichwa ndege ilikuwa juu ya miti. Beni iko kusini. Hata mtoto wa Saio alijua, kwa sababu Kikohozi sikuzote ilipinda mara tu ilipopaa na kupita juu ya mji wetu, na ndiyo maana tuliifahamu. Safari hii haikupinda. Ilikwenda moja kwa moja, kaskazini, ambako kuna milima na machimbo ya dhahabu. Papa Jérôme alisimama na mikono kichwani. Mama alisema taratibu, kama anayenieleza mimi, kwamba itageuka. Upepo ukiwa mbaya wanazungukaka mbali kwanza, akasema, halafu wanageuka. Tulisimama pale. Wale vijana wa miwa walikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, na katika kundi lote la wapakuzi na wauzaji, ambao kila mmoja wao alikuwa ameona, hakuna aliyesema neno, kwa kuwa neno lolote lingekuwa swali. Ndege ikawa ndogo kama inzi, ikawa alama, ikawa mahali tu angani tulipoendelea kupatazama. Mama aliuza viazi vyote vilivyobaki. Hakuwa na jingine la kufanya ambalo lisingemsaliti mtoto.

Siku hizo kulikuwa na nyumba za foni, yaani chumba chenye redio ya masafa marefu ambako ulimlipa mtu akakuitia mji mwingine, na jamaa yako akaja kusimama mbele ya redio ya huko. Chumba kilijaa watu waliongoja zamu, na kila mtu alisikia maneno ya kila mtu. Mama alikwenda nami. Hakuweza kutaja mvulana, hakuweza kutaja ndege. Akaiweka midomo karibu kabisa na kile chombo na kusema, kama mfanyabiashara, "Dada, muzigo ulifika?" Redio ilivuma kama mvua juu ya mabati. Kisha sauti ya Mama Mukubwa ikaja, yenye furaha ya kutusikia, mbali, ikiuliza, "Muzigo gani?"

Mama alijibu kwamba amekosea, muzigo haujatumwa bado, na kwamba awasalimie watoto. Alimshukuru mwenye redio. Tulipofika njiani aliketi juu ya jiwe mbele ya duka lililofungwa, na nikamwuliza Faustin yuko wapi. Ni swali pekee katika maisha yangu ambalo ningependa kulirudisha kinywani, si kwa sababu lilikuwa kosa, nilikuwa mtoto, bali kwa sababu aliugeuza uso wake kwangu akijaribu kweli kulijibu.

Baada ya hapo mapigano yaliingia mjini kabisa, nyumba yetu ikaungua, na tukawa miongoni mwa maelfu waliolala chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki, kandokando ya kiwanja cha ndege, kwa sababu askari wa kigeni walikuwa pale na watu waliamini kwamba risasi huwaogopa wageni. Kwa namna fulani ya ukatili tukawa tumehamia mahali ambapo mama angechagua kukaa. Kila ndege iliyotua aliisikia kabla yangu sasa. Aliacha chungu motoni, akaacha foleni ya maji, akaniacha mimi, akaenda kusimama kwenye uzio mpaka abiria wa mwisho ashuke. Wanawake wa kambini walimtania mwanzoni, wakamwuliza kama ana bwana rubani. Baadaye waliacha kumtania, nao wakamwekea nafasi yake ya maji.

Kikohozi ilirudi. Ilitua mchana, na mama akapita uzio, hata leo sijui alipitaje, akamfuata rubani mzungu aliyekuwa amekaa kwenye gurudumu akivuta sigara, na hapo, mbele ya kila mtu, akauliza. Alimwuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa chake cha darasa la nne, siku ile, mstari wa buluu, mabeleshi, mvulana mrefu, ulimpeleka wapi. Nilikuwa nimeshika kitenge chake. Rubani hakuelewa lugha yoyote kati ya hizo, lakini alielewa kwamba anaulizwa wapi. Akanyoosha mkono akaonyesha mashariki. Akaonyesha kaskazini. Akaonyesha kusini na magharibi, akazungusha mkono wote hewani, akatabasamu kwa uchovu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akisema ukweli wa kazi yake: kila mahali. Alimpa mama sigara, na mama, ambaye hajavuta maisha yake yote, aliipokea kwa mikono miwili.

Tulisikia machimbo ya kaskazini yameshambuliwa, tena na tena, na kila kundi liliyatwaa na kuyapoteza, na waliokimbia kutoka huko walisimulia mambo ambayo siyarudii hapa. Mama aliwangoja wote, akawauliza wote. Ilikuwa kana kwamba kizuizi kimevunjika ndani yake. Hakuna aliyemjua Faustin. Wengine walimjua Faustin mwingine. Mwishowe njia ya kusini ilipofunguka kidogo tulikwenda Beni kwa miguu pamoja na kundi la watu, tukafika kwa Mama Mukubwa tukiwa na beseni lile lile, na tukakaa huko mpaka amani ikawa imezoeleka kiasi cha kurudi. Watu wa Beni, kwa huruma, walimwambia mama kwamba subira huvuta heri. Mimi nilikwisha kuanza kutoziamini methali wakati ule. Nyingine ilisema asiyekuwapo na lake halipo, nami nikaona wazi kwamba huo ni uongo, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na la mtu mwingine yeyote ila la yule asiyekuwapo.

Sasa ninaishi Bunia tena, nina shahada ya historia kutoka Kisangani, na nina simu yenye picha za dunia nzima. Walimu wangu walinifundisha kuhoji kila chanzo: nani alisema, alikuwa wapi, alifaidika nini. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na wenzangu walinichoka. Mwaka juzi, nikitafuta kitu kingine, niliingia katika kundi la mtandaoni la watu wanaopenda ndege za zamani. Wengi ni wazee wa nchi za baridi, marubani na mafundi waliostaafu, waliowahi kufanya kazi huku kwetu. Hupeana picha za viwanja vya ndege vya zamani, kisha hushindana kwa upole kuzitambua: aina gani, iliundwa wapi, iliuzwa kwa nani, ilipakwa rangi lini, iliangukia wapi. Walinikumbusha Saio. Nilikaa nao majuma mengi kimya, nikiwasoma kwa aina ya mapenzi nisiyoyatazamia, kwa maana ndio watu pekee niliowahi kuwapata ambao, kama wanawake wa mtaa wetu, wangesimamisha mchi hewani kwa ajili ya sauti ya injini.

Ndipo mmoja wao akaweka picha ya Bunia. Nyasi, kilima nyuma, wingu moja, na Kikohozi. Mstari ulikuwa wa buluu. Kwenye mkia kulikuwa na herufi ambazo utotoni sikuweza kuzisoma, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Chini ya bawa, pembeni kabisa, palikuwa na wapakuzi kadhaa, na mmoja wao alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye gunia kichwani kama kofia ya mvua. Nusu ya uso wake imefichwa na gunia, nusu nyingine na kivuli cha bawa. Wanachama walikwisha kuandika mengi chini ya picha. Hakuna aliyewataja watu. Siwalaumu, hata mimi katika picha ya harusi ya mtu nisiyemjua nitatazama gari.

Niliandika. Niliomba kujua ndege hii ilikwenda wapi katika majira yale. Walinijibu kwa ukarimu ulioniaibisha, hasa fundi mmoja mzee ambaye Kifaransa chake kilionekana kutoka kwenye kamusi. Alinipa kiwanda ilikozaliwa, mabwana wake wote mmoja baada ya mwingine, injini zilizobadilishwa, hata sababu ya kile kikohozi. Safari zake za kila siku, alisema, hakuna aliyeziandika. Ilikodiwa asubuhi na mtu yeyote na jioni na mtu mwingine. Lakini kuhusu picha yenyewe aliweza kunisaidia. Nitazame mlango wa mizigo, alisema, ni mweupe kuliko mwili, kwa sababu ule wa zamani uliharibika na huu aliufunga yeye kwa mikono yake, ndege ilipoondolewa kazini kwa matengenezo makubwa, akanitajia na mwezi wake. Kwa hiyo picha ilipigwa baada ya hapo. Nililinganisha maelezo yake na yale niliyoyajua ya kambi na ya safari yetu, nikayapima kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na shaka. Picha ilipigwa tulipokuwa tumekwisha kuondoka kwenda Beni, muda mrefu baada ya Faustin kupaa. Yule kijana hakuweza kuwa yeye. Nilifunga simu na kujisikia, sitaficha, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba mama alikwisha kuiona picha. Nilimwonyesha kabla fundi hajajibu. Aliivuta kwa vidole mpaka bawa likatoka kwenye kioo, na mstari wa buluu, na kilima, akabaki na yule kijana peke yake. Hakulia. Alisema, huyu ni Faustin, kama anavyosema hii ni chumvi. Basi nilipopata jibu nilikwenda nikaketi karibu naye, nikamweleza polepole habari ya mlango mweupe, nikamweleza kwamba wakati ule sisi tulikuwa Beni na Faustin alikwisha kwenda zamani, kwa hiyo haiwezekani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama yule muzungu wa mlango anaaminika. Nikasema anaaminika kabisa.

"Basi alirudi," mama akasema. "Alirudi kututafuta. Siye ndiyo hatukukuwa."

Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande. Nimemwambia kwamba angetuuliza kwa majirani. Akanijibu, majirani gani, Saio ilikuwa imebaki mabati matupu. Nimemwambia angejua tumekwenda Beni. Akanijibu kwamba nusu ya mji ilikwenda huko, na nusu nyingine ilikwenda isikojulikana. Nimemwambia, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyotaka, kwamba tangu wakati ule imepita miaka, mbona hajaja. Alikuwa akiitazama picha. Nami, niliyekuja kumpokonya tumaini la uongo kwa heshima, nikaona kwamba nimempa kitu kibaya zaidi, mtoto anayezunguka kiwanja cha ndege akimtafuta mama yake ambaye yuko mbali, salama, akimlilia. Siwezi kukikanusha. Sina hati, sina shahidi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ninatamani ushahidi uwe dhaifu kuliko ulivyo. Usiku mwingine mimi pia ninavuta picha kwa vidole. Uso unakuwa nukta za kijivu, na katika nukta hizo naweza kuweka sura yoyote.

Zamani tulikuwa na ndege na hatukuwa na ruhusa ya kuuliza. Leo ninauliza nipendavyo, watu wa mabara manne wananijibu kabla chai haijapoa, na kiwanja chetu kina ukumbi wenye viti ambamo sauti ya mwanamke inatangaza kila ndege inakokwenda, mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Abiria hawasikilizi hata kidogo. Barabara za Djugu, kaskazini kwetu, zimefungwa upya, watu wa huko wako tena chini ya shitingi, na watoto wao, ninapowatembelea, wananiambia majina ya ndege. Sijui niwafundishe nini.

Juma lililopita mama alinitaka nimpeleke kwa mpiga picha mjini, akaagize ile picha ikatwe na kukuzwa, iwekwe fremu. Kijana wa kompyuta alishangaa kwamba anataka ndege iondolewe yote. Alimwonya kwamba akikuza kiasi kile uso utapotea. Mama akamwambia akuze tu. Kijana alifanya kazi yake, kwa adabu, kisha akageuka na kuuliza kama kawaida yao, kwa sababu huku kwetu picha kubwa za fremu karibu zote ni za marehemu: aandike jina na tarehe chini?

Mama alimtajia jina lote, la ubatizo na la baba, akamrudia herufi kwa herufi.

"Tarehe acha," akasema.